Hama yangu (tumbawe lenye minyiri ya ncha kama nyundo) inakufa upande mmoja, nani anaichoma? Na mnaacha nafasi kiasi gani kati ya matumbawe?

MwambaMdogo

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimeshafikiria mpaka nimechoka. Nina tangi la maji chumvi, urefu sm 120, upana 50 na kimo 50, ukitoa mawe na mchanga maji yanayobaki ni kama lita 250 hivi, lina miezi 11 sasa. Vipimo vyangu viko sawa na havijayumba: chumvi 35, joto 25.5, KH (ualkali wa maji) 8.3, kalsiamu 430, magneziamu 1320, naitreti 8, fosfeti 0.06. Samaki wazima, konokono wazima, hakuna kitu nilichobadilisha karibia miezi miwili.

Tatizo ni hama. Ni ile ya matawi, vichwa 7, na nilikuwa naipenda kuliko kitu chochote humo ndani, ikifunguka mchana huoni mfupa hata kidogo. Wiki 3 zilizopita vichwa viwili vya pembeni kushoto vikaanza kunywea, minyiri haitoki yote, alafu nyama ikaanza kurudi nyuma mfupa mweupe ukawa unaonekana. Leo kichwa kimoja ni mfupa mtupu, cha pili kimebaki nusu. Vile vingine vitano vya katikati na kulia viko vizuri kabisa, vinafunguka kama kawaida na vinakula.

Mpangilio wangu uko hivi, nikiwa nimesimama mbele ya tangi: kushoto juu ya mwamba kuna montipora ya sahani, chini yake kuna tumbawe la kijani ambalo nilipewa na mtu aliyekuwa anavunja tangi lake, halina jina, lina polipi (vile vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) kama nyota nyota na linang'aa vizuri sana chini ya taa ya bluu. Katikati ndo hama. Kulia kwa hama kuna tumbawe la tochi lenye vichwa 3, kutoka mfupa wa hama mpaka mfupa wa tochi ni sm 12, ila zikifunguka zote ncha zinagusana. Mchangani mbele kuna matumbawe madogo, akani 3 na zoa, hizo zimeshasogeleana sana. Nyuma kabisa kuna lile tumbawe la ngozi lenye umbo la uyoga mkubwa.

Maswali yangu: ni tochi ndo inaichoma hama? Nafasi mnaacha sentimita ngapi? Na zipi zinaweza kugusana bila shida, maana kila nikiangalia picha za tangi za watu naona matumbawe yamebanana kama msitu na hakuna linalokufa, hata baharini ndo hivohivo, sasa kwangu kuna nini?

fragi_moja

Tochi hiyo mkuu, wala usitafute mbali. Isogeze leo leo. Hama na tochi haziwekwi pamoja, tochi inashinda kila siku.

MajiMatulivu

Mi nna hama na tochi zinagusana mwaka mzima na hakuna iliyokufa. Angalia mkondo kwanza, labda pampu inaipiga moja kwa moja upande huo, hama ikipigwa na maji ya nguvu sehemu moja nyama inachanika kwenye ukingo wa mfupa wake wenyewe, nimeshaona hiyo kwa macho yangu.

chumvi35

Mkuu MwambaMdogo pole sana, najua inavouma kuangalia kichwa kimoja kimoja kinaondoka. Ila nimesoma maelezo yako mara mbili na kuna kitu hakikai sawa. Umesema vichwa vilivyokufa ni vya KUSHOTO. Tochi yako iko KULIA. Vichwa vya kulia, ambavyo ndo vinaguswa na tochi kila siku, umesema viko vizuri. Tumbawe likichomwa na jirani, kovu linakaa upande wa jirani huyo. Tochi nayo itabidi uisogeze, ntakwambia kwa nini, lakini huyu aliyeua vichwa viwili anatokea kushoto.

Hilo tumbawe la kijani la nyota nyota ndo nataka kulijua. Likiwa limejikunja, je kila polipi imekaa kwenye kikombe chake kilichosimama peke yake, na juu ya kikombe kuna vibanzi vikali kama meno vimepangwa kwa duara? Na minyiri ikitoka ncha zake ni nyeupe? Kama ni ndio basi hiyo ni Galaxea, na kama ni Galaxea umeshampata mwenyewe. Ni tumbawe zuri, haliringi, linakua kirahisi, linavumilia makosa mengi, ndo maana watu hupeana. Ila kwenye kugombania nafasi sijui kama kuna lingine kwenye tangi zetu linalofika mbali kama hilo.

Nikueleze kidogo mambo yanavokwenda, ukielewa hapa utapanga mwenyewe bila kuuliza sentimita.

Tumbawe ni mnyama aliyegandiana na mwamba. Hawezi kuhama, na anahitaji mwanga kwa sababu ya wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake. Kwa hiyo jirani akisogea anamnyima mwanga na sehemu ya kukua, na silaha alizonazo zinatofautiana. Ya kwanza ni minyiri ya kawaida, hiyo unayoiona mchana, ina seli za kuchoma, anayeguswa anaungua. Ya pili ni minyiri mirefu ambayo wengi tunaita swipa. Hii mara nyingi inatoka usiku, ni myembamba, karibu haina rangi, na inaweza kuwa mirefu mara nyingi kuliko ile ya kawaida. Galaxea kwa swipa inafika sm 20, na wapo waliopima mpaka 30. Alafu kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba swipa haziwepo tangu siku ya kwanza, kuna matumbawe yanazitengeneza baada ya kuhisi jirani kwa wiki kadhaa. Ndo maana mtu anaweka fragi (vipande vya tumbawe vilivyokatwa) mbili karibu, mwezi mzima amani, anajiambia hizi zinaelewana, mwezi wa tatu anakuta moja ina doa jeupe.

Ya tatu inatisha zaidi ukiiona. Kuna matumbawe yanatoa nyuzi za tumboni nje ya mwili, yanazilaza juu ya nyama ya jirani na kummeng'enya hapohapo alipo. Akani zako zina uwezo huo, na hata Hydnophora na zile skolimia za duara. Miaka ya mwanzo ya 1970 mtafiti Judith Lang alikuwa anaangalia Scolymia kule Jamaika, akaona aina mbili zilizodhaniwa kuwa ni moja zikiwekwa karibu, moja inamla mwenzake kwa nyuzi hizo ndani ya masaa, na kutokana na hapo akaanza kupanga matumbawe kwa ngazi, nani anamshinda nani. Kilichojitokeza ni kwamba mengi yanayokua polepole ndo yana silaha kali, na yale yanayokua haraka kama Acropora yanashinda kwa kupanda juu na kumfunika mwenzake kivuli. Kila moja na njia yake.

Sasa fanya hivi usiku wa leo. Acha taa zizime, subiri masaa mawili, usiwashe taa ya chumba. Chukua kurunzi ufunge karatasi laini nyekundu mbele yake, kwa mwanga mwekundu matumbawe hayajikunji haraka. Sogea taratibu mpaka kwenye kioo, ulimulike kwa pembeni sio usoni, alafu utuambie umeona nini kati ya lile la kijani na hama. Pampu usizime, maana tunataka kuona mkondo unazipeleka wapi.

MwambaMdogo

Asante sana mkuu chumvi35, kweli sikuwaza habari ya kushoto na kulia, nilisoma tu kwamba tochi inachoma nikakomaa na hilo. Vikombe ndio, vimesimama kimoja kimoja na juu kuna meno. Ncha nyeupe ndio. Ntakesha leo.

Ila kutoka lile la kijani mpaka hama ni sm 17, nimepima na rula sasa hivi. Nilidhani ni mbali sana.

fragi_moja

Aisee sikuangalia upande, chumvi35 uko sahihi. Nafuta kauli yangu ya kwamba ni tochi.

nyuma_ya_kioo

Wakati tunasubiri majibu ya usiku, nijibu lile swali la msitu na la bahari, maana hata mi lilinisumbua nilipoanza.

Baharini yamebanana kweli, lakini ukipiga mbizi ukaangalia karibu utakuta kwenye mpaka kati ya tumbawe na tumbawe kuna mstari mweupe au mstari wa mwani, hapo vita inaendelea na kuna aliyeshindwa. Bahari haina shida na anayeshindwa, wapo wengine elfu. Kwenye lita 250 kila mmoja una jina lake kichwani. Pia maji ya baharini yanapita yanaondoka, kwako yanazunguka humohumo siku nzima, hilo ndo linaniletea kwenye lile tumbawe lako la ngozi.

Hilo la uyoga ni Sarcophyton, na yeye hana haja ya kumgusa mtu. Matumbawe laini ya aina hiyo, Sarcophyton, Sinularia, Lobophytum, yanatengeneza kemikali zinaitwa terpeni na kuziachia majini. Zinamkinga asiliwe na pia zinawadumaza majirani wenye mifupa, Acropora ndo wanaonyesha mapema, polipi hazitoki, rangi inafifia, na unapima maji kila kitu kiko sawa hujui ufanye nini. Haimaanishi umtoe. Watu wengi, mi mmojawapo, tunafuga vyote pamoja miaka mingi, ila weka kaboni (mkaa wa kuchuja maji) kwenye sampu, lile tangi la chini la kuchujia, sehemu ambayo maji yanapita kati yake sio pembeni yake, ioshe vumbi kwanza, ibadilishe kila wiki 3 au 4, na maji ubadilishe kwa ratiba. Kama hujawahi kutumia kaboni anza na kidogo, nusu ya kinachoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu inaondoa ile rangi ya njano kwenye maji na siku mbili tu baadae mwanga unaofika chini unakuwa mkali kuliko walivozoea. Niliweka nyingi siku moja, akani zangu zikapauka upande wa juu, na ilichukua miezi kurudi.

Kuna siku pia utaona huyo uyoga amefunga kabisa, anang'aa kama amepakwa nta, anakaa hivo hata wiki nzima. Anajichuna ngozi. Muache, mpe mkondo kidogo ile ngozi ipeperuke, na wiki hiyo kaboni iwe mpya.

MajiMatulivu

Nyuma_ya_kioo nakubaliana na wewe kwenye kaboni. Ila narudi kwenye hama na tochi, kwangu zinagusana na ni mwaka, kwa hiyo mtu asiseme haiwezekani.

chumvi35

Mkuu MajiMatulivu sikubishii ulichokiona. Lakini mwaka mmoja wa tangi lako sio ruhusa ya kumshauri mtu mwenye hama yenye jeraha. Ziko hivi: hama na tumbawe linaloitwa frogsponi ni ndugu wa karibu kweli, hata wanasayansi miaka ya karibuni wamezihamishia jenasi ya Fimbriaphyllia, na tochi ikabaki kule Euphyllia. Ndo maana ukiweka hama na hama, au hama na frogsponi, mara nyingi zinakaa bega kwa bega, minyiri inapishana na hakuna anayeumia. Tochi na tochi hali kadhalika mara nyingi inaenda. Tochi na hama ni bahati, na siku ikigeuka anayeungua ni hama. Inaweza kuwa mkondo wako unalaza tochi upande wa pili muda wote.

Kingine, unapopima usipime mfupa kwa mfupa. Subiri mchana matumbawe yamefunguka kabisa, pima kutoka ncha ya mnyiri hadi ncha ya mnyiri wa jirani. Hapo katikati kwa tochi mi naacha sm 15. Kwa hama na frogsponi na majirani wa familia nyingine naacha 10 hadi 15. Favia, favitesi na chalisi zinaonekana kama jiwe tulivu mchana, usiku zina swipa, hizo nazo 15 na zaidi. Akani sm 5 hadi 8 kutoka ukingo kwa ukingo, kwa sababu nyuzi zake hazifiki mbali, ila hapo ongeza hesabu ya kukua. Dankani na blastomusa ni wapole, wao ndo unawaonea huruma, usiwaweke karibu na mkali. Na montipora inapigwa na karibu kila mtu, silaha yake ni kukua haraka tu, kwa hiyo sahani yako iangalie isije ikatanda juu ya waliopo chini ukadhani wanaumwa kumbe wako gizani.

polipi_saba

Niongeze kwa upande wa zoa kwa sababu kasema zimeshasogeleana na akani na najua kinachofuata ni kuzihamisha.

Mkuu vaa glavu, na miwani. Sikutishi. Zoa na ndugu zao Palythoa wanaweza kuwa na sumu inaitwa palitoksini, ilitolewa kwa mara ya kwanza kwenye Palythoa kutoka Hawaii, mwaka 1971 ndo ikatangazwa, na ni kati ya sumu kali kabisa za asili tunazozijua. Sio kila zoa inayo na kwa macho huwezi kutofautisha. Usiwahi kusugua jiwe lenye zoa kwa brashi likiwa kavu, usilimwagie maji ya moto, usilichemshe ili kuliua, kuna familia zimelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wa jiwe lililochemshwa. Ukikata, kata ndani ya bakuli la maji ya tangi, sio hewani, maana inakurukia machoni. Kidole chenye kidonda kisiingie kabisa. Watoto na wanyama wa nyumbani wakae mbali na yale maji mpaka umeyamwaga.

Kwa kugusana: zoa na zoa hazina neno, tatizo linakuwa ile inayokua haraka inafunika ya thamani. Zoa na akani, akani anashinda. Weka zoa kwenye jiwe lake dogo lisilogusana na mwamba mkubwa, mchanga uzunguke pande zote. Utaratibu huohuo ndo wa zenia na zile nyasi za kijani zinazotambaa (nazo ni matumbawe laini), hizo ukizigandisha kwenye mwamba mkubwa umeshawapa mwamba wote, hutazitoa tena.

MwambaMdogo

Nimerudi wakuu, ni saa saba kasoro usiku na siwezi kulala bila kuandika.

Taa zilizima saa nne. Nimekaa gizani mpaka saa sita, nikamulika kama chumvi35 alivosema, kwa pembeni. Mwanzo sikuona kitu. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo, na hapo ndo nikaona uzi mmoja, mwembamba kama uzi wa buibui, unatoka kwenye lile la kijani unaenda moja kwa moja kulia, hauning'inii, umenyooka na mkondo na ncha yake ina kidoa cheupe. Nilivoona huo mmoja nikaona ya pili, ya tatu, nikahesabu 9 nikaacha. Miwili ilikuwa inafika kwenye kile kichwa kilichobaki nusu, inagusa, mkondo unaiachia, inarudi inagusa tena. Kile kichwa kila kikiguswa kinajivuta ndani. Nimekaa pale kama dakika ishirini naangalia.

Nimeweka rula kwa nje ya kioo, mrefu kuliko yote ni sm 19, labda na kidogo kwa sababu kioo kinapotosha.

Tochi nayo nimeiangalia, minyiri imelala kulia, ncha chache tu ndo zinaifikia hama.

Wiki 3 zote hizi nikipita asubuhi naliangalia lile la kijani nasema hili ndo halina shida. Kesho natoa. Swali sasa naliweka wapi, maana sitaki kulitupa, nalipenda bado, na hicho kichwa nusu nakifanyaje?

chumvi35

Hongera mkuu, umeona kitu ambacho wengi wanafuga miaka hawajawahi kukiona.

Usilitupe, halina kosa. Lipeleke mwisho wa mkondo, yaani maji yaishie kwake, yasianzie kwake. Pampu yako naona inapiga kutoka kushoto kwenda kulia, na lile la kijani lilikuwa limekaa mbele ya kila mtu, kwa hiyo chochote linachonyoosha maji yanakipeleka kwa jirani. Lingekuwa umbali huohuo ila upande wa kulia wa hama, huenda usingeona jeraha hata moja. Sm 17 juu ya mkondo ni karibu sana na sm 17 chini ya mkondo ni mbali. Ila usikisie maji yanaenda wapi. Chukua chembe chache za chakula cha samaki, ziloweshe, ziachie juu kidogo ya pale unapotaka kuliweka, alafu zifuate kwa macho mpaka zitue. Fanya hivo mara tatu nne.

Kichwa kilichobaki nusu kiache na wenzake kama hakuna utelezi wa kahawia unaotiririka kama makamasi. Ukiuona huo ni dharura, unasambaa kichwa kwa kichwa, hapo toa yote, nyonya uchafu kwa bomba, kata tawi bovu chini kabisa kwenye mfupa mtupu mbali na nyama, ogesha kwenye iodini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na maji hayo yasirudi tangini. Kama hakuna, usimguse. Kile kilichokufa kabisa waweza kukikata kwa msumeno mdogo ili mwani usikae pale ukapanda kwa wazima.

MwambaMdogo

Siku ya 6, taarifa. Sitaki niwe kama wale wanaouliza alafu wanapotea.

Lile la kijani nimelitoa na kulihamishia kwenye jiwe lake peke yake, mchangani mwisho kulia. Gundi ya supaglu nzito chini, nimelishika chini ya maji kama nusu dakika likashika. Alafu nikafanya jaribio la chembe na nashukuru nililifanya, kwa sababu juu maji yanaenda kulia kweli, lakini yakifika kioo cha kulia yanashuka na kurudi kwa CHINI kuelekea kushoto. Chembe zilitua kwenye akani. Yani ningeliacha pale mchangani, zamu ingekuwa ya akani. Nimeinua jiwe likakaa sm 22 juu ya mchanga, hapo mkondo wa juu ndo unapita, chembe zinapiga kioo na kupotea nyuma. Akani nazo nimezisogeza kushoto zikapata sm 7 kati yao. Kutoka lile la kijani mpaka tumbawe lolote la karibu ni sm 34.

Zoa zimepata jiwe lao, glavu na miwani nimevaa polipi_saba. Tochi imeenda mbele kulia zaidi, sm 16 ncha kwa ncha na hama. Kaboni imeingia nusu kipimo.

Usiku nimemulika. Zile nyuzi bado zinatoka, zinanyooka kwenye kioo hazikuti mtu.

nyuma_ya_kioo

Safi sana. Hilo la maji kurudi kwa chini wengi linawapita. Ukiwa na pampu mbili zinazopokezana lifanye jaribio kwa kila moja peke yake, maana swipa zitaenda pande zote mbili.

fragi_moja

Mi nimechukua somo, nimemulika tangi langu jana usiku. Chalisi yangu ina swipa kama sm 8 kuelekea kwenye blastomusa ambayo kila siku nasema haifunguki kwa sababu ya mwanga. Nimeshaihamisha blastomusa.

MwambaMdogo

Wiki ya 5. Kile kichwa nusu hakijarudi nyuma tena tangu siku ile, ukingo wa nyama ulikuwa umechanika chanika na sasa umekuwa laini, umekunjika kwenye mfupa. Jana mchana minyiri yake imetoka, michache na mifupi, nimehesabu 11. Vile vitano havijatetereka.

Kile kilichokufa nimekikata. Ile sehemu ya kushoto alipokuwa lile la kijani iko wazi, mwamba mtupu, kuna mtu keshanipa fragi mbili za favia niweke pale nimeziweka kwenye raki pembeni kwanza, kila usiku nazimulika nione zinanyoosha kiasi gani kabla sijazigandisha popote.